Kisiwa cha Hart, New York: watu zaidi ya milioni wamezikwa na jiji. Walisahauliwa au walifichwa?

Mzee_wa_Pantoni #1
Wakuu salaam. Nafuatilia habari za hiki kisiwa tangu zile picha za droni za Aprili 2020 kipindi cha Korona, mnazikumbuka, majeneza ya mbao yamepangwa kwenye mtaro mrefu na watu wamevaa nguo nyeupe mwili mzima. Wengi tulidhani Wamarekani wamezidiwa wamefungua kaburi jipya la halaiki. Kumbe wapi, pale panazikwa tangu 1869. Jiji lilinunua kisiwa 1868 kwa dola 75,000, na wa kwanza kuzikwa na jiji ni binti wa miaka 24, Louisa Van Slyke, yatima, alifia hospitali ya masikini. Kuanzia huyo mpaka leo wamepita milioni moja. Milioni! Na kisiwa chenyewe ekari 131 tu.

Utaratibu wao ni kwamba mtaro unachimbwa kwa mashine, majeneza ya watu wazima yanapangwa matatu kwenda juu, mtaro mmoja unabeba kama watu 150. Wale wachanga mtaro mmoja unafika elfu. Jina na namba vinaandikwa kwenye ubao wa jeneza, udongo unarudi, basi. Hakuna jiwe la mtu mmoja mmoja hata moja.

Sasa swali langu, mji wenye Wall Street inakuwaje mtu afe pale akose wa kumzika? Mimi nasema hawakusahauliwa, walifichwa. Karibuni.

ShangaziMkali #2
Hamna cha kufichwa hapo, ni hela tu. Mazishi Marekani ni maelfu ya dola, na mfuko wa jiji ukikubali ombi lako unakupa mpaka dola 1,700 halafu unatafuta mwenyewe pa kujazia. Mtu analipa kodi ya nyumba kwa kuungaunga, hiyo nyingine ataitoa wapi? Huku kwetu mtaa mzima unakuja na turubai, sufuria na daftari la michango. Kule nani atakupigia hodi?

kamau_wa_Dago #3
Shangazi usitudanganye na hizo turubai zako. Fungua gazeti hapa Nairobi siku wanatoa ile orodha ya mochari, ukurasa mzima. Jina, jina, jina, halafu unakutana na "mwanamume mtu mzima, hajulikani", "mtoto mchanga, hajulikani". Familia zinapewa siku saba, zisipokuja korti inatoa kibali wanazikwa na kanjo, yaani watu wa jiji, kaburi la pamoja. Wengine kwa hiyo orodha wana majina matatu kamili kabisa. Sasa huyo hajulikani na nani?

Mkunazini #4
Assalaam aleikum. Mie nauliza jambo moja tu, katika hao milioni Waislamu hawamo? Na kama wamo, nani aliwaosha, nani aliwasalia, wameelekezwa kibla au wametiwa sandukuni vivyo hivyo? Kwetu kumzika maiti ni faradhi kifaya, asipozikwa mji mzima una dhambi.

Bronx_Mnyamwezi #5
Nipo Bronx, wilaya ya New York, miaka mingi na hicho kisiwa kipo upande wetu huku, kwa hiyo ngoja niweke mambo sawa.

Mkuu #1, wale wenye nguo nyeupe walikuwa vibarua wa kampuni walioletwa 2020. Kabla ya hapo, zaidi ya miaka 150, wachimbaji walikuwa wafungwa. Hawa wa miaka ya mwisho wakitoka gereza la Rikers, wakilipwa senti 50 kwa saa, ikipanda sana dola moja. Ndio, umesoma vizuri, mfungwa ambaye mwenyewe hana hela ya dhamana alikuwa anamfukia mwenzake aliyekosa hela ya jeneza. Ile Aprili ya Korona wakaahidiwa dola 6 kwa saa na vifaa vya kujikinga, maana maiti zilitoka kama 25 kwa wiki zikafika karibu idadi hiyo hiyo kwa siku moja.

Pili, jiwe lipo. Moja. Ni la mtoto wa kwanza kufa kwa ukimwi New York, limeandikwa SC-B1 1985 basi, hakuna jina. Yeye na wengine, jumla 17, walizikwa mwaka huo peke yao ncha ya kusini ya kisiwa, mbali na watu wote, kila mmoja shimo lake na refu kuliko kawaida, kwa sababu watu waliogopa kwamba hata maiti itaambukiza. Baadaye hofu ilipopungua wenye ukimwi wakawa wanazikwa kwenye mitaro kama wengine.

Ustadh #4, hakuna mpango wa kibla wala wa dini pale. Mtu akigundulika mapema ni Muislamu misikiti inajitahidi, wana viwanja vyao kwenye makaburi ya Long Island na New Jersey. Asipogundulika ndio hivyo.

kijana_wa_Umoja #6
Yaani Mnyamwezi umehama Tabora umevuka bahari na bado tunakukuta kwenye habari za kubeba mizigo 😂

Bronx_Mnyamwezi #7
Na huku tunalipwa kwa saa. Wewe endelea kubeba bando.

Mtu_Kwao #8
Hapo kwenye ukimwi ndipo penyewe. Hoja ya hela ina ukweli lakini AIBU inazika watu wengi zaidi. Familia ilikuwa na uwezo, kijana kafa na ugonjwa wa kunyooshewa vidole, wakasema hatumjui. Ila nasikia siku hizi wanawachoma moto kuokoa nafasi, ni kweli?

Fundi_Sanifu #9
Sio kweli mkuu. Jiji la New York halichomi hao, wanazikwa mzimamzima makusudi, ili ndugu akijitokeza afukuliwe apelekwe kwao. Na wanafukuliwa kweli, kila mwaka wapo. Ndio maana ile mitaro ina mpangilio na namba, sio kwamba wanatupwa hovyo. Kuna madaftari: jina, umri, hospitali aliyofia, tarehe, mtaro namba ngapi. Kwa hiyo "kusahauliwa" mimi neno hilo silikubali. Mtu ameandikwa daftarini utasema kasahauliwa?

Mzee_wa_Pantoni #10
Fundi umenisaidia hoja yangu bila kujua. Daftari lipo, lilikuwa mikononi mwa nani? IDARA YA MAGEREZA. Kisiwa kizima kilikuwa chini ya magereza. Ukitaka kwenda kuona kaburi la mwanao unaomba ruhusa kwa askari jela, unakaguliwa, simu unaacha, unaishia kwenye kibanda karibu na gati, unatazama majani ukiwa umesimama na askari, unarudi. Hiyo imeendelea mpaka 2015, baada ya kufunguliwa kesi, ndipo ndugu wakaruhusiwa kufika kaburini penyewe. Sheria ya kukitoa kisiwa kwa magereza imepita 2019, na idara ya bustani za jiji imekabidhiwa Julai 2021. Juzi tu hapo. Kama huko sio kuficha niambieni kuficha kukoje.

Nesi_mstaafu #11
Habari zenu wanangu. Mimi nilifanya kazi wodi ya wazazi huko huko New York kabla sijarudi nyumbani, hospitali siitaji. Nataka niseme habari ya wale watoto maana mmepita haraka sana.

Mama anajifungua mtoto amekufa, au anaishi masaa machache. Hata maziwa hayajakauka, dawa ya usingizi haijaisha kichwani, anakuja mtu na karatasi. Kuna sehemu ya kuchagua: mazishi ya kwako mwenyewe au mazishi ya jiji. Mama wa watu anasikia "mazishi ya jiji" anadhani ni heshima fulani, kwamba jiji litamsaidia, ana imani atapewa mahali pa kwenda kuweka ua. Anasaini. Mmoja nilimshikilia ubao wa kuandikia mimi mwenyewe kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa na dripu. Aliniuliza, dada, makaburi yenyewe yako wapi? Nikamwambia nitaulizia. Nilipoulizia kwa wakubwa wangu hakuna aliyekuwa na jibu, wengine walikuwa hawajawahi kusikia jina la kisiwa.

Kijisanduku chenyewe kidogo kama boksi la viatu. Hao sio masikini wala hawana aibu ya kitu, mama anamtaka mwanawe. Kilichompoteza ni ile karatasi.

ShangaziMkali #12
Pole sana dada yangu. Hiyo ya karatasi sina la kuipinga.

kijana_wa_Umoja #13
Imekuwa nzito ghafla. Pole mama.

Mkunazini #14
Pole bibi. Na hapo hapo kwenye makaratasi tazameni majina yetu. Mtu kwao ni Salum Juma Khamis, uhamiaji wakamgeuza Khamis ndio ukoo, kazini wanamwita Sam, hospitali wakamwandika "Saloom". Akifa, nduguye akipiga simu kutoka Unguja anamuulizia Salum Juma. Ataambiwa hayupo, na aliyejibu hajasema uongo. Nimeona jambo hili hata Maskati, na kule watu ni Waarabu wenzetu wa majina haya haya.

Fundi_Sanifu #15
Ni kweli kabisa na linaanzia kwenye yale madaftari. Karani anaandika anavyosikia. Halafu mwaka 1977 kukachomwa moto pale kisiwani na sehemu ya kumbukumbu ikaungua. Kuna msanii mmoja mama anaitwa Melinda Hunt, tangu miaka ya 1990 amehangaika na hao watu, akayapigania madaftari yaliyobaki, mradi wake umeyaweka mtandaoni mtu anatafuta jina. Mama mmoja na watu wake wa kujitolea wamefanya kazi iliyotakiwa kufanywa na jiji lenye bajeti ya mabilioni.

Kwa hiyo Mzee wa Pantoni uzembe na kuficha ni vitu viwili. Mimi naona uzembe.

Mwalimu_wa_Jioni #16
Mnarudia rudia masikini masikini kana kwamba pale kuna masikini tu. Niwape wawili.

Bobby Driscoll, mtoto staa wa Disney, alipewa Oscar ya watoto mwaka 1950. Alipokua kazi zikakauka, akaingia kwenye dawa za kulevya, jela, akahamia New York. Machi 1968 watoto waliokuwa wanacheza wakakuta maiti yake kwenye nyumba mbovu iliyotelekezwa. Mfukoni hana kitambulisho, picha yake ikapitishwa mtaani hakuna aliyemtambua, sura ambayo nchi nzima ilikuwa inaiona sinema. Akaenda kisiwani kama mtu asiyejulikana. Mwaka uliofuata mama yake akaanza kumtafuta kwa sababu baba alikuwa mgonjwa wa kufa, ndipo alama za vidole zikasema yuko wapi.

Wa pili Dawn Powell, mwandishi wa riwaya, alifariki 1965. Alitoa mwili wake kwa chuo cha udaktari. Miaka mitano baadaye chuo kinataka kuurudisha, msimamizi wake wa mirathi akakataa kuupokea. Akazikwa Hart. Huyo alikuwa na marafiki wakubwa, vitabu, msimamizi wa mirathi kabisa, mtu ambaye masikini hanaye! Hela haielezi hilo, aibu haielezi hilo. Mimi nasema ni kuishi peke yako tu. Mjini unaweza kujulikana na watu elfu na usiwe na wa kwako hata mmoja.

Mtu_Kwao #17
Mwalimu hapo kwenye chuo cha udaktari umegusa penyewe. Tangu 1854 kulikuwa na sheria New York kwamba maiti isiyo na mwenyewe inaweza kupewa vyuo ikapasuliwa na wanafunzi. Maana yake masikini alikuwa na faida akikosa ndugu. Sheria imebadilishwa 2016 ndio ikatakiwa idhini. Kaeni mjiulize, miaka yote hiyo nani alikuwa na haraka ya kumtafuta ndugu yako?

ShangaziMkali #18
Wewe ulianza na aibu sasa umehamia kwenye njama. Chagua moja.

Mtu_Kwao #19
Kwani zinakatazana?

kamau_wa_Dago #20
Ngojeni niwaambie kitu ya kwetu. Kuna mjomba wangu alipotea Nairobi miaka ya nyuma, fundi wa viatu, mtu wa mtungi kidogo lakini mtu poa. Tukajua ako Eastlands, wengine wakasema ameenda Mombasa. Kumbe alikuwa amegongwa na gari, akakaa hospitali wiki kadhaa, akafa. Tulipofika tulionyeshwa bili ya hospitali na bili ya mochari, hiyo ya mochari inapanda kila siku unapokimbia kutafuta hiyo ya kwanza. Tulichanga, tukauza ng'ombe, tukarudi, tukaambiwa ameshazikwa na kanjo, tangazo lilitoka gazetini hamkuona? Kijijini kwetu nani anasoma ukurasa wa matangazo ya gazeti la Kiingereza?

Makaburi ya Lang'ata ni makubwa na yalishajaa kitambo. Tulionyeshwa upande, "huko". Shosho, yaani bibi yetu, alibeba mchanga kidogo kwa leso akaenda kuuzika nyumbani penye kaburi lake lingekuwa. Kwa hiyo mtu akiniambia hao wa New York "hawakuwa na ndugu" naona hajawahi kutafuta mtu mochari.

Mzee_wa_Pantoni #21
Pole sana Kamau. Naona hata New York muda ulikuwa hivyo hivyo, wakati wa Korona walipunguza siku za kutunza maiti mpaka 14 tu, na ndugu wenyewe wamefungiwa ndani au wako wodini na mashine ya oksijeni.

WaKibokoni #22
Mnaongea Hart Island kana kwamba ndiyo ya kwanza. New York yote imekaa juu ya watu. Ile bustani ya Washington Square watu wanapopiga magitaa na kula aiskrimu, kuanzia 1797 hadi 1825 ilikuwa makaburi ya masikini, yakadiriwa watu elfu 20 wangali chini. Madison Square vile vile, Bryant Park vile vile. Ardhi ikipata bei, makaburi yahamishwa mbele zaidi, na waliolala waachwa. Walipofika kisiwani ndipo wakatulia kwa sababu hakuna tajiri aliyekitaka.

Na mwaka 1991 wakichimba msingi wa jengo la serikali kule chini Manhattan wakakuta makaburi ya Waafrika wa enzi za utumwa. Mifupa ya watu 419 ilitolewa, na inasemekana jumla walizikwa kama elfu 15. Weusi wa New York wakasimama kidete ujenzi ukasitishwa, 2003 wakarudishwa ardhini kwa majeneza ya kuchongwa Ghana. Wenye ujenzi walikuwa na ramani ya zamani inayoonyesha pale pana makaburi, na bado jengo likapangwa.

Fundi_Sanifu #23
Hiyo hoja ya bei ya ardhi naikubali kuliko zote zilizotangulia.

Mwalimu_wa_Jioni #24
Bei ya ardhi inaeleza kwanini wako PALE, haielezi kwanini hawana mtu. Msichanganye.

Mkunazini #25
Na nyinyi wa Dar mnaouliza ya New York, wapagazi wa vita vya kwanza mmewaweka wapi? Walikaa kambi Kariakoo, na wenzao Kariokor ya Nairobi. Walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kwa makumi elfu. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Byatt, gavana Mwingereza wa Tanganyika, ndiye aliyetaka yale makaburi yao makubwa ya Dar es Salaam na kwengineko yaachwe yarudi pori upesi iwezekanavyo. Ndiyo ikawa. Pale mjini wamesimamishiwa sanamu ya askari ya 1927, ambayo watu wanapigia picha.

kijana_wa_Umoja #26
Yaani nimenunua simu Kariakoo mara ngapi sijui haya. Makaburi yenyewe yako wapi sasa?

Mkunazini #27
Nimekwambia waliyaachia yawe pori, wewe waniuliza yako wapi.

Bronx_Mnyamwezi #28
Turudi kwenye mada kidogo. Siku hizi unaweza kwenda Hart. Mwenye ndugu anaomba siku za kutembelea kaburi, na sisi watazamaji tangu mwisho wa 2023 kuna ziara za bure, unajiandikisha mtandaoni wanachagua kwa bahati nasibu. Boti inatokea kisiwa cha jirani, City Island, mwisho wa mtaa wa Fordham. Mimi nimefika mpaka gatini tu, zamani kulikuwa na vibao vya kukataza kupiga picha, ng'ambo unaona miti na majengo mabovu ya matofali.

Halafu ngoja niwaambie kwanini Watanzania na Wakenya wa huku hatukosi kuchanga msiba hata wa mtu ambaye hatujawahi kumsalimia. Akifa mtu, usiku huo huo kundi la simu linafunguliwa, jina, mkoa, kabila, nani anamjua mama yake. Mnadhani ni upendo tu? Nusu ni upendo, nusu kila mtu anaona boti ya City Island.

ShangaziMkali #29
Basi umerudi kwenye hoja yangu ya kwanza. Michango. Hela.

Nesi_mstaafu #30
Mwanangu Mnyamwezi, ukienda kwenye ile orodha ya mtandaoni tafuta kwa tarehe na hospitali, usitafute kwa jina peke yake. Watoto wengi wameandikwa jina la ukoo la mama tu, na mama mwenyewe keshaolewa akabadilisha.

Bronx_Mnyamwezi #31
Asante mama, nimeipata.

WaKibokoni #32
Mzee wa Pantoni hizo ekari 131 zako zote si makaburi. Kisiwa hicho kimefanyiwa kila kitu ambacho mji haukutaka kukiona. 1864 kilikuwa kambi ya kufunzia wanajeshi weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka uliofuata kikawa jela ya wanajeshi mateka wa upande wa Kusini. Kikawa na hospitali ya wanawake wenye maradhi ya akili, nyumba ya wafungwa wa vifungo vidogo, miaka ya 1950 wakaweka makombora ya Nike ya kutungulia ndege. Na kuna mfanyabiashara mweusi Solomon Riley, miaka ya 1920 alinunua kipande cha kusini akaanza kujenga bustani ya starehe kwa ajili ya weusi wa mtaa wa Harlem, kwa sababu fukwe nyingine walikuwa wakifukuzwa. Ukumbi wa dansi tayari, vibanda tayari. 1925 jiji likakitwaa, ati haifai watu kustarehe karibu na wafungwa.

Mzee_wa_Pantoni #33
Kwa hiyo ncha ya kusini ilikataliwa weusi walio hai, halafu 1985 wakapelekwa pale wale 17 wa ukimwi. Nani bado anasema uzembe?

Fundi_Sanifu #34
Mimi. Miaka 60 katikati, mkuu, na serikali tofauti kabisa. Leta ushahidi kwamba kuna mtu alikaa mezani akapanga.

Mtu_Kwao #35
Fundi wewe ungekuwa karani wa lile daftari ungelala usingizi mzuri sana.

Fundi_Sanifu #36
Na majina ningeyaandika sawasawa.